Saisi Ugenini: Mashindano ya Farasi Yanavyofunzwa Zizini

Mashindano ya farasi ya hatua tatu humpima mpanda farasi na farasi yuleyule kwa siku kadhaa katika mambo yasiyofanana. Kwanza ni dresaji: ndani ya uwanja wa mita 20 kwa 60, farasi huonyesha utiifu na ulaini wa mwendo mbele ya waamuzi. Pili ni mbio za nyika, yaani kilomita kadhaa za kwenda shoti na kuruka magogo, kuta, mitaro na madimbwi. Tatu ni kuruka viunzi uwanjani, ambapo ufito ukigongwa huanguka. Adhabu za hatua zote hujumlishwa, na mwenye chache ndiye mshindi. Mchezo huu ulitoka jeshini, ulikokuwa mtihani wa farasi wa ofisa: awe mtulivu kwenye gwaride, mvumilivu safarini, na mzima kesho yake. Uliingia Olimpiki mjini Stockholm mwaka 1912 kwa maofisa wa jeshi peke yao, na mwanamke wa kwanza kuushiriki alipanda farasi wake Tokyo mwaka 1964. Leo wanaume na wanawake hushindana pamoja katika orodha moja ya matokeo.

Kuujifunza kwa kununua farasi na kumlipa mwalimu ni ghali, hata kwa watu wa Ulaya wenye kipato cha kawaida. Ipo njia nyingine ya siku nyingi. Kijana huenda kwenye nchi yenye mashindano makubwa, huajiriwa kuwa saisi katika zizi la mpanda farasi anayejulikana, na hujifunza kwa kutunza farasi na kutazama. Vijana wa Australia, New Zealand na Marekani wamekuwa wakienda Uingereza na Ireland kwa njia hiyo kwa miongo mingi. Ujerumani imeuweka utunzaji wa farasi miongoni mwa kazi za ufundi zinazosomewa rasmi kwa miaka mitatu, kwa sehemu zizini na kwa sehemu darasani. Uingereza bado inategemea zaidi mapatano kati ya mwenye zizi na mfanyakazi, ingawa ipo mitihani ya chama cha farasi cha nchi hiyo, kilichoundwa mwaka 1947, na cheti chake humfungulia mtu milango.

Mfano unaotajwa sana ni wa Charlotte Dujardin, Mwingereza aliyeajiriwa akiwa kijana katika zizi la Carl Hester, bingwa wa dresaji mkoani Gloucestershire. Kazi yake ilikuwa kutunza farasi, na akiwa humo alipewa farasi mchanga aitwaye Valegro amfundishe. Mwaka 2012 wawili hao walitwaa medali mbili za dhahabu kwenye Olimpiki ya London. Valegro mwenyewe alikuwa na saisi wake, Alan Davies, ambaye jina lake lilijulikana kwa mashabiki karibu sawa na la mpandaji. Jambo hilo si la kawaida. Masaisi wengi hawatajwi popote, na kwenye picha za ushindi huonekana mkono tu ulioshika kamba.

Katika mashindano ya hatua tatu, mahali ambapo saisi anayejifunza hutamani kufika ni Badminton, kijiji cha Gloucestershire chenye jumba la ukoo wa makabaila wa Beaufort. Olimpiki ya mwaka 1948 ilipofanyika Uingereza, hatua tatu zilichezwa Aldershot na wenyeji wakafanya vibaya. Kabaila wa kumi wa Beaufort, aliyekuwapo akitazama, aliona ni aibu, akatoa viwanja vyake ili Waingereza wapate mahali pa kujinoa. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1949, na tangu hapo hufanyika kila majira ya kuchipua, isipokuwa miaka michache yalipozuiwa na matope, magonjwa ya mifugo au korona. Badminton iko katika daraja la juu kabisa, la nyota tano, ambalo duniani kote lina mashindano saba tu. Lucinda Green aliyashinda mara sita kati ya mwaka 1973 na 1984, kila mara na farasi tofauti. Hapo mtazamaji anapata somo lake la kwanza: mwenye kujua kumsoma farasi anaweza kushinda na farasi yeyote aliye mzuri, si mmoja aliyemzoea tu.

Kumsoma farasi huanzia kwenye kazi ambazo mgeni huziona za hali ya chini. Siku ya saisi huanza kabla ya mapambazuko kwa kupita banda hadi banda. Farasi amekula chakula chote cha jana? Amelala chini? Maranda anayolalia yako shwari, au yamechimbuliwa kama ya mnyama aliyekuwa akihangaika? Samadi ni ya kawaida, na ni kiasi kilekile cha kila asubuhi? Maswali haya yana sababu. Farasi hawezi kutapika, na tumbo lake ni dogo kwa mnyama wa kilo 500 au 600, kwa hiyo chakula kibaya au kilichozidi hakina pa kutokea. Msokoto wa tumbo unaweza kumuua katika muda wa saa chache. Ndiyo maana hulishwa kidogo kidogo mara nyingi, nyasi kavu ndiyo msingi wa mlo wake, na nafaka hupimwa kwa mizani badala ya kukisiwa kwa kopo. Maji hunywa lita 25 na kuendelea kwa siku, na ndoo isiyopungua ni habari mbaya kuliko ndoo tupu.

Baada ya hapo huja kwato. Saisi huinama, huinua mguu mmoja baada ya mwingine, na kwa chuma chenye ncha iliyopinda hutoa udongo, mawe na samadi, huku akikagua kama kiatu kimelegea au kama kuna harufu ya kuoza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwenye zizi msemo huu hutimia mara nne kwa kila farasi, asubuhi, kabla ya kupandwa na baada ya kupandwa. Kisha hupitisha kiganja kwenye miguu kutoka gotini hadi kwenye kwato. Anatafuta joto na uvimbe. Kano za nyuma ya mguu wa mbele ndizo zinazobeba uzito farasi anapotua baada ya kuruka, na zikichanika huchukua miezi mingi kupona, zikipona. Joto dogo lililogunduliwa Jumatatu huokoa msimu mzima. Lisipogunduliwa, farasi huchechemea Jumamosi mbele ya watu wote.

Jambo hili haliingii kichwani kwa kusoma. Kila farasi ana miguu yake: mmoja ana kivimbe cha zamani kisicho na madhara, mwingine miguu yake hujaa kidogo akisimama usiku kucha na kurudi hali yake akitembea. Saisi lazima akumbuke miguu 30 au 40 kwa kiganja, ili ajue leo kipi ni kipya. Vivyo hivyo kwa vipimo. Farasi mzima aliyetulia ana joto la mwili kati ya 37.5 na 38.5, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na huvuta pumzi mara 8 hadi 16. Lakini mwenye kawaida ya mapigo 30 akionekana na 44 asubuhi, ingawa bado yumo ndani ya mipaka ya kitabu, anaitiwa daktari wa mifugo.

Kupiga burashi nako kuna kazi kubwa kuliko kung'arisha. Burashi ngumu hutoa tope, laini hutandaza mafuta ya ngozi yanayomkinga farasi na mvua, na mkono unaoisukuma hugundua panapouma. Farasi anayerudisha masikio nyuma kila anapoguswa chini ya tandiko anasema jambo kuhusu tandiko lenyewe, au kuhusu mgongo, au kuhusu mpandaji anayekaa upande. Saisi mwenye miezi sita kazini huanza kuunganisha mambo hayo: mgongo ulio mkakamavu asubuhi ya Jumanne na mzunguko wa kushoto uliokosa ulaini kwenye mazoezi ya Jumatatu. Wapanda farasi wenye busara huwauliza masaisi wao kabla ya kupanda. Wasio na busara hugundua wenyewe.

Mashindano yanapokaribia, kazi huongezeka. Nywele za shingoni husukwa vifundo vidogo na kushonwa kwa uzi. Usukaji mzuri huchukua muda, na farasi mwenye kujikuna ukutani anaweza kuufumua usiku, hivyo wengi husuka alfajiri ya siku ya dresaji. Hatamu, lijamu, vikuku na mikanda yote hufunguliwa, husafishwa na kukaguliwa mshono kwa mshono, kwani mshono uliochakaa hukatika pale unapovutwa kwa nguvu, yaani mbele ya kizuizi. Viatu vya farasi vina matundu ya kufungia njumu, kama za wanasoka, na uchaguzi wake hutegemea udongo: fupi na kali kwenye ardhi kavu, ndefu na nene kwenye matope. Njumu ndefu kwenye ardhi ngumu huukwamisha mguu ghafla na kuumiza viungo. Saisi mchanga hukabidhiwa kazi ya kusafisha matundu hayo siku moja kabla, kazi ya kuchosha vidole ambayo humlazimisha kuitazama ardhi na kuuliza mvua ilinyesha lini.

Kabla ya hatua ya kwanza, na tena asubuhi ya hatua ya mwisho, farasi wote hupitishwa kwenye ukaguzi. Kila mmoja hutembezwa na kukimbizwa matiti kwa kushikwa kamba kwenye njia ngumu na tambarare, mbele ya waamuzi na daktari. Anayetia shaka hutolewa pembeni akaangaliwe, na akionekana anachechemea mashindano yake yameishia hapo. Watazamaji hupenda ukaguzi kwa sababu wapandaji huvaa mavazi yao ya fahari. Saisi anayejifunza atafanya vizuri kuyasahau mavazi na kusikiliza. Farasi mzima akikimbia matiti kwato zake hutoa mlio wa vipindi sawa. Mguu mmoja ukiuma, mlio mmoja huwa mwepesi, na kichwa huinuka mguu wa mbele wenye maumivu unapogusa chini. Kwa siku moja mtu huona farasi 70 au 80 wakikimbia njia ileile, nafasi ambayo chuo cha mifugo hakiwezi kumpa kwa urahisi.

Kutazama mashindano yenyewe kunataka kujua hesabu yake. Katika dresaji kila tendo hupewa alama kutoka 0 hadi 10, wastani hugeuzwa kuwa asilimia, na asilimia hiyo hutolewa kwenye 100. Aliyepata asilimia 70 anaanza safari na adhabu 30. Kwenye mbio za nyika, kukataa kizuizi ni adhabu 20, kukataa tena palepale ni 40, na mpandaji akianguka ameondolewa. Kila sekunde inayozidi muda uliowekwa ni adhabu 0.4. Kwenye viunzi kila ufito ulioanguka ni 4. Kwa hiyo sekunde kumi za kuchelewa nyikani zina uzito sawa na ufito mmoja, na asilimia nne za dresaji pia. Mtu akiishika hesabu hii huelewa kwa nini mpandaji anayeongoza huchukua njia ndefu na salama, huku aliye nafasi ya kumi akijitosa kwenye ya mkato.

Ila uwanja wa kupasha misuli moto ndio darasa lenyewe, na cha ajabu watazamaji wengi huupita wakikimbilia majukwaa. Humo mabingwa hufanya kazi bila pazia. Mmoja huchukua dakika 40 za mwendo wa taratibu kwa farasi mwenye wasiwasi. Mwingine huruka viunzi vitano tu na kuacha, kwa sababu anajua cha sita kitapunguza hamu ya farasi wake. Saisi yumo humo na kitambaa mfukoni, akiinua ufito ulioanguka, akitoa bendeji dakika ya mwisho, akipaka kwato mafuta, akisikia mashauri ya kocha. Akiwa na farasi mmoja tu siku hiyo ana saa nyingi za kusimama kwenye uzio na kulinganisha. Baada ya siku nzima huanza kutabiri nani ataingia uwanjani akiwa tayari, na utabiri wake huwa sahihi mara nyingi kuliko wa mtu anayesoma majina na rekodi.

Njia ya mbio za nyika nayo huweza kutembelewa kwa miguu. Wapandaji huitembea mara kadhaa, wakipima kwa hatua umbali kati ya vizuizi na kuweka alama za kila dakika ili saa ya mkononi iwaambie kama wamechelewa. Watazamaji pia huruhusiwa kuipita kabla ya siku yenyewe. Katika daraja la nyota tano njia hukaribia kilomita sita na nusu, kasi ni mita 570 kwa dakika, na miruko yaweza kufika 45. Vizuizi visivyosogea haviruhusiwi kuzidi mita 1.20, kimo ambacho kwenye karatasi hakitishi. Mtu akisimama kando ya gogo lenyewe, likiwa kwenye mteremko unaoishia majini, huelewa kwamba ugumu uko kwenye mahali kizuizi kilipowekwa na kwenye kile ambacho farasi anakiona anapokikaribia. Bendera nyekundu hukaa kulia na nyeupe kushoto, na farasi lazima apite katikati yake.

Hatari ni ya kweli. Mwaka 1999 wapanda farasi watano walikufa katika mashindano ya Uingereza, na vifo hivyo vikasukuma utafiti wa vizuizi ambavyo huachia kwa pini maalumu farasi anapovigonga kwa nguvu, ili asipinduke juu ya mpandaji. Kuvunja pini hizo ni adhabu 11. Anayetaka kuyajua haya kwa karibu zaidi anaweza kujitolea kusimamia kizuizi kimoja siku nzima, kwani mashindano ya Uingereza yasingeendelea bila watu wa kujitolea. Pia anaweza kukaa na mwamuzi wa dresaji na kuandika alama na maneno anayotamka. Hakuna malipo zaidi ya chakula cha mchana, lakini mwandishi huyo husikia sababu ya kila alama papo hapo, jambo ambalo mpandaji husubiri kulisoma baadaye kwenye karatasi.

Wakati farasi yuko nyikani saisi anangoja kwenye mstari wa mwisho na ndoo, sponji, barafu, kamba na blanketi. Farasi hufika akihema, joto la mwili likiwa limepanda hadi 40 au zaidi. Tandiko hutolewa mara moja, maji baridi humwagwa mfululizo shingoni, mabegani na mapajani, kisha hutembezwa kidogo na kumwagiwa tena, huku daktari akipima joto na mapigo. Zamani masaisi walifundishwa kwamba maji ya barafu juu ya misuli yenye moto huikaza na kumlemaza farasi. Hofu hiyo iliondolewa na utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, ambako joto na unyevu wa kiangazi viliwatia watu wasiwasi: ilionekana kwamba kupoza kwa nguvu na kwa maji baridi sana ndiko kunakomwokoa farasi. Huko Atlanta zilitumika pia feni kubwa za kurusha ukungu wa maji. Bado wapo wazee zizini wanaosita, na saisi mgeni hujikuta kati ya amri ya mkubwa na maelezo ya daktari.

Usiku wa siku hiyo ndio mrefu kuliko zote. Miguu huwekwa kwenye barafu kwa zamu, michubuko husafishwa, farasi hutembezwa kila baada ya muda ili asikakamae, na kabla ya mapambazuko hukimbizwa matiti kwenye giza ili wahusika wajue kama atapita ukaguzi wa asubuhi. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini hatua ya tatu iliwekwa baada ya ile ngumu. Viunzi vya mwisho si virefu kwa farasi wa daraja hilo, lakini vinarukwa na mnyama aliyechoka, na ufito mmoja unaweza kuwahamisha watu watano kwenye orodha.

Somo jingine ambalo halionekani jukwaani ni la dawa. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, lililoanzishwa mwaka 1921 na lenye makao yake Lausanne, Uswisi, hupima damu na mkojo wa farasi, na vitu vya kila siku vinaweza kuleta matatizo. Kahawa na chokoleti zina kemikali zisizotakiwa ndani ya farasi wa mashindano. Saisi anayekunywa dawa ya mafua na kujisaidia haja ndogo kwenye maranda anaweza kumchafua farasi, kwa kuwa farasi hula anacholalia. Mwaka 2008, kwenye Olimpiki ambayo mashindano yake ya farasi yalifanyika Hong Kong, farasi kadhaa wa kuruka walikutwa na kapsaisini, ile inayoipa pilipili ukali wake, na Norway ikapoteza medali ya shaba ya timu. Ndiyo maana mazizi makini huandika kila dawa kwenye daftari, huosha mikono kati ya farasi na farasi, na hukataza chakula cha binadamu mabandani.

Hong Kong yenyewe ilichaguliwa kwa sababu ya afya ya mifugo, kwa kuwa Beijing haikuweza kutimiza masharti ya magonjwa ya farasi. Mwaka 1956 jambo kama hilo lilitokea kwa Melbourne: sheria kali za karantini za Australia ziliyafukuza mashindano ya farasi hadi Stockholm, nusu ya dunia mbali na Olimpiki nyingine. Saisi anayesafiri na farasi hukutana na sheria hizi kwa vitendo. Kila farasi ana pasipoti yake na kijidude cha utambulisho chini ya ngozi ya shingo, na chanjo ya mafua isiyozidi miezi sita na siku 21. Angani husafiri wamesimama ndani ya makontena, wawili au watatu pamoja, na masaisi hukaa nao kwenye ndege ya mizigo. Kazi kubwa ni kuhakikisha farasi anaweza kuteremsha kichwa. Akifungwa kichwa juu kwa saa nyingi, uchafu wa koo hushuka mapafuni na kuleta nimonia. Nyasi huloweshwa zisitoe vumbi, na maji hutolewa kila yanapokubaliwa.

Maisha ya saisi si rahisi, na vijana wengi huacha kabla ya mwaka kuisha. Siku ni ndefu, baridi ya Januari hugandisha maji ndooni, na ahadi ya kufundishwa kupanda huahirishwa kila msimu unapokuwa na shughuli nyingi. Baadhi ya mazizi yalizoea kulipa kwa chumba na mafunzo peke yake. Sheria ya Uingereza ya kima cha chini cha mshahara hairuhusu hilo kwa mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa, na chama cha masaisi kilichoanzishwa huko mwaka 2007 hutoa mikataba ya mfano na ushauri. Mgeni kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha kazi. Aliyefika kwa viza ya matembezi na kuambiwa kwamba atasaidia tu zizini yuko upande usio salama, kwani akidhulumiwa ataogopa kulalamika.

Kutazama kwa karibu kuna uzito mwingine. Mwaka 2024, kabla ya Olimpiki ya Paris, video ilimwonyesha Charlotte Dujardin akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi mara nyingi wakati wa somo la miaka ya nyuma. Alijiondoa kwenye mashindano, akaomba radhi, na akafungiwa mwaka mmoja. Wanaoona mambo ya aina hiyo kwanza ni watu wa zizini, na kwa kawaida ndio wenye sauti ndogo kuliko wote. Kanuni za shirikisho zinaweka ustawi wa farasi juu ya ushindi, na saisi anaweza kuripoti kwa msimamizi wa mashindano. Anayefanya hivyo huhatarisha kibarua chake, na ni afadhali alijue hilo mapema.

Kwa Afrika Mashariki elimu hii ina soko dogo lakini la kweli. Kenya ina uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, polo, shule za kupanda farasi na mashindano ya kuruka na ya hatua tatu, na kote huko kazi ya kila siku hufanywa na masaisi Wakenya, baadhi yao wenye ujuzi unaozidi wa waajiri wao. Soko jingine ni la Ghuba, ambako Oman na Falme za Kiarabu hupenda zaidi mbio za masafa, zinazofika kilomita 160 kwa siku. Huko saisi na wenzake huwa sehemu ya matokeo waziwazi: kila baada ya kipande cha njia farasi hukaguliwa, na haendelei mpaka mapigo ya moyo yashuke hadi 64 au chini ya hapo, kwa hiyo timu inayojua kupoza haraka hupata dakika za bure.

Kikwazo kikubwa cha Kenya ni ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na usubi na unaoweza kuua farasi tisa kati ya kumi wasio na kinga. Pundamilia huubeba bila kuugua. Kwa sababu yake, nchi za Ulaya huwekea farasi wa kusini mwa Sahara masharti makali. Kwa miaka mingi hata wale wa Afrika Kusini walilazimika kupitia karantini ya Mauritius. Mkenya anayetaka kushindana Ulaya kwa kawaida humwacha farasi wake nyumbani na kuazima, kukodi au kununua mwingine hukohuko. Hapo saisi aliyewahi kufanya kazi kwenye mazizi ya Uingereza au Ujerumani humfaa sana, kwa maana anajua farasi yupi hukataa maji, yupi huchechemea baridi ikizidi, na nani wa kuulizwa bei yake halisi.